Mieleka ya Televisheni: Haki ya Kuonyesha Inavyokatwa na Kuuzwa, na Yanayowahusu Wasanii wa Bagamoyo

Vibanda vya video vya Magomeni na Dunda hujaa vijana wanaofuata mieleka ya Marekani. Wanawajua wanamieleka kwa majina, kwa mikanda waliyoshinda, hata kwa muziki unaopigwa kila mmoja akiingia ulingoni. Biashara iliyo nyuma ya ulingo ndiyo isiyojulikana sana, nayo inavihusu moja kwa moja vikundi vya sarakasi, ngoma na maigizo vya hapa Bagamoyo, kwa kuwa mieleka hii ni sanaa ya jukwaani. Si siri tena. Mwaka 1989 kampuni ambayo leo inaitwa WWE ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba maonyesho yake ni burudani, ili isisimamiwe kama mchezo wa ushindani. Mshindi hupangwa, kuanguka na kuumia ni kwa kweli.

Zamani kampuni ya mieleka iliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Sasa kampuni kubwa zinategemea zaidi haki ya kuonyesha, yaani fedha zinazolipwa na televisheni na huduma za intaneti ili zirushe vipindi vyao. Kipindi cha Raw cha WWE kilianza Januari 1993 kwenye televisheni ya USA Network. Januari 2024 WWE ilitangaza kwamba Raw itahamia Netflix, huduma ya video ya intaneti, kuanzia Januari 2025, kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5. Netflix nayo ikajiwekea kifungu cha kuweza kujitoa baada ya miaka 5. Wakati huohuo SmackDown, kipindi kingine cha WWE, ilirudi USA Network Septemba 2024, NXT, kipindi cha tatu, ikaenda televisheni ya The CW mwezi uliofuata, na kuanzia Septemba 2025 matukio makubwa kama WrestleMania yakauzwa kwa ESPN, televisheni ya michezo. Hao ni wanunuzi wanne, ndani ya nchi moja, wa kazi ya kampuni moja. Nje ya Marekani hesabu inabadilika: katika nchi nyingi Netflix ilichukua Raw, SmackDown, NXT na matukio makubwa kwa pamoja.

Anayempeleka nguru mzima mnadani hurudi na bei moja. Anayejua kumkata huuza kichwa, mkia na vipande kwa watu tofauti. Haki ya kuonyesha hukatwa hivyo, na visu vyake ni vinne: kipindi gani, nchi gani, kwa njia gani (televisheni ya bure, king'amuzi cha kulipia au intaneti), na kwa miaka mingapi. Msanii anayesaini karatasi iliyoandikwa "haki zote, dunia nzima, bila kikomo" amekabidhi nguru na kisu.

Kwenda ng'ambo nako kuna mpangilio wake. Mara nyingi televisheni hutangulia, ulingo ukafuata. AEW, kampuni nyingine ya mieleka ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2019, ilianza kurusha kipindi chake cha Dynamite kupitia televisheni ya TNT Oktoba mwaka huo, na Uingereza vipindi vyake vikaonekana kupitia televisheni ya ITV. Agosti 2023 ndipo ikaenda uwanja wa Wembley, London, na watu zaidi ya 70,000 wakaingia. Hao walikuwa wamezoeshwa kila wiki kwa miaka. Kampuni inayopeleka ulingo mahali ambapo watu hawajawahi kuona vipindi vyake hukuta viti vitupu, maana onyesho la mieleka ni mwendelezo wa hadithi, na asiyejua ugomvi ulianzia wapi hana sababu ya kulipa ili auone ukimalizwa.

Njia ya pili ni kulipwa na mwenyeji. Mwaka 2018 WWE iliingia makubaliano ya miaka 10 na Saudi Arabia, na onyesho la kwanza likafanyika Jeddah Aprili mwaka huo. Baadaye Ulaya ikapata matukio yake makubwa: Lyon na Berlin mwaka 2024, Paris mwaka 2025. Njia ya tatu ni kununua kampuni ya wenyeji: Aprili 2025 WWE ilitangaza kuinunua AAA ya Mexico, kampuni yenye lugha yake, vinyago vyake na mashabiki wake wa miongo mingi.

Tofauti ya saa ina uzito katika haya yote. Raw huanza saa mbili usiku kwa saa za New York. Hapa kwetu huwa ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne Marekani ikiwa imesogeza saa mbele, na saa kumi alfajiri wakati wa baridi yao. Hakuna kibanda kinachojaa saa hizo. Jeddah na Riyadh zina saa sawasawa na Bagamoyo: onyesho likianza huko saa mbili usiku, huku watu ndiyo wametoka kuswali Isha, na New York bado ni mchana. Tukio moja linawafikia Afrika Mashariki, Uarabuni na Ulaya wakiwa macho, na Mmarekani pia anaangalia.

Hatari zipo. Kampuni ya mieleka ya WCW ilikuwa mshindani mkubwa wa WWE katika miaka ya 1990, lakini ilitegemea televisheni za kampuni moja iliyokuwa pia mmiliki wake. Mwaka 2001 televisheni hizo zilipoondoa vipindi vyake, WCW ikabaki bila pa kuonekana, na Machi mwaka huo WWE ikanunua jina na maktaba ya kanda zake. Mtegemea mnunuzi mmoja huweza kuishia hapo.

Hatari nyingine ni jina. WWE iliitwa WWF, herufi zilezile za mfuko wa dunia wa kuhifadhi wanyamapori. Mwaka 1994 pande hizo mbili zilikubaliana mipaka ya kuzitumia. Kampuni ikaendelea kutanuka hadi ikavuka mipaka hiyo, mfuko ukaenda mahakamani Uingereza ukashinda mwaka 2001, na Mei 2002 kampuni ikalazimika kubadili jina duniani kote, na nembo na bidhaa zake zikabidi zifuate.

Kwa kikundi cha Bagamoyo, hapo ndipo pa kuanzia. Alama ya biashara, yaani jina au nembo ya kikundi, husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara; usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara tu. Zanzibar ina ofisi na sheria yake, kwa hiyo kikundi kinachovuka bahari kwenda kuonyesha Unguja kinapaswa kusajili huko pia. Hakimiliki ya rekodi huanza pale kazi inaporekodiwa, hata bila usajili, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunarahisisha ushahidi mgogoro ukitokea. Katika mkataba wa televisheni, hakikisheni mmeandika nani anamiliki rekodi halisi, marudio yanalipwaje, vipande vifupi vya mitandaoni vinawekwa na nani, na muda ukiisha haki zinarudi kwa nani. Pasipoandikwa kitu, mwenye kamera hudai ni zake.

Wenye vibanda nao wajue kwamba kifurushi cha king'amuzi cha nyumbani na akaunti ya Netflix ni vya matumizi binafsi. Kutoza kiingilio kwa kutumia hivyo ni kuvunja masharti ya mwenye haki. Ulizeni kifurushi cha biashara kabla ya kufungua mlango.

Kuhusu kuiga michezo yenyewe, tunasisitiza. Ulingo wa WWE una takriban mita 6 kila upande na kamba tatu, na chini ya turubai kuna godoro jembamba, mbao na mihimili ya chuma. Mbao hizo hunesa mtu akianguka. Anayeanguka chali hubana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, hupokea pigo kwa mgongo wa juu, hupiga viganja chini na kutoa pumzi. Mchanga wa ufukweni maji yakishapwa huwa umeshindiliwa. Hauna mneso, na shingo ndiyo inayolipa. Mazoezi yafanyike juu ya mikeka minene, chini ya mwalimu, na watoto wasibebwe juu kutupwa.

Jambo la mwisho ni kanda. WWE ilipofungua huduma yake ya intaneti Februari 2014, maonyesho ya zamani ya WCW yalikuwa sehemu ya shehena iliyouzwa. Rekodi za ngoma na sarakasi za leo nazo zitatafutwa. Wekeni nakala mbili kwenye diski mbili, moja ikae mbali na pwani kwa sababu hewa ya chumvi na unyevu huharibu vifaa, na kila rekodi iambatane na tarehe, mahali, majina ya walioshiriki na saini zao za kukubali kurekodiwa.