Siasa hazimfungii mtu mlango wa ujaji

Wengi huamini kwamba aliyekwisha kuingia katika siasa hawezi tena kuwa jaji, na kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani hukaliwa na waliozeekea mahakamani tu. Katiba ya nchi hiyo haisemi hivyo. Haidai hata shahada ya sheria. Sandra Day O'Connor, aliyekuja kuwa jaji wa mahakama hiyo, alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1952, lakini kampuni za mawakili zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, akaanza kazi bila mshahara katika ofisi ya mwanasheria wa kaunti ya San Mateo, California. Mwaka 1969 aliteuliwa kujaza kiti kilichokuwa wazi katika Seneti ya jimbo la Arizona, akashinda chaguzi zilizofuata, na mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa walio wengi. Ujaji wake wa kwanza, katika mahakama ya ngazi ya kaunti, ulikuja mwaka 1975, tena (na hili husahaulika mno) kwa kura za wananchi. Mwaka 1981 Seneti ya Marekani ilimthibitisha kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kwa kura 99 bila pingamizi. Kinachokatazwa ni kuwa mjumbe wa Bunge la Marekani na jaji wa mahakama hiyo kwa pamoja, ndiyo maana Hugo Black alijiuzulu useneta mwaka 1937 ili aingie katika mahakama hiyo.