Mizani haihesabiwi kwa irabu

"Hesabu irabu, utapata mizani." Kauli hii inarudiwa madarasani na kwenye magrupu ya washairi kana kwamba ni sheria. Si sheria. Imewafanya watunzi wengi wavunje mishororo iliyokuwa imekaa sawa tangu mwanzo, na mimi nimechoka kuiona ikitumika kukataa mashairi ya watu.

Mizani ni silabi, na silabi ni pigo la sauti. Chukua mshororo huu:

Mti mbovu ukatwe, ndizi mbovu zikatupwe.

Anayehesabu irabu anapata 14, anasema umepungua. Anayejua kwamba m husimama peke yake, lakini akaisimamisha kila aionapo, anapata 17, anasema umezidi. Wote wawili wamekosea. Mizani ni 16, ukwapi (kipande cha kwanza) 8 na utao (kipande cha pili) 8: m-ti m-bo-vu u-ka-twe, ndi-zi mbo-vu zi-ka-tu-pwe.

Tazama vizuri: "mbovu" ya kwanza ina mizani 3, ya pili ina 2, na herufi ni zilezile. M ya "mti mbovu" ni kiambishi kilichokuwa mu-. Irabu imedondoka, pigo limebaki. M ya "ndizi mbovu" haijawahi kuwa na pigo lake. Ni sauti ya puani iliyogandana na b, nazo hutoka kinywani kwa pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa "mtoto mbaya" (m-ba-ya) na "habari mbaya" (mba-ya). Ukitia shaka, peleka kwenye wingi. Miti mibovu, watoto wabaya: kiambishi kimebadilika, basi m ile inajitegemea. Ndizi mbovu, habari mbaya: hakuna kilichobadilika, basi imegandana.

Kipimo hicho hakifai kwa maneno mafupi kama mbwa, mbu, nchi, nge, nta na nne. Wingi wake haubadiliki, lakini yana mizani 2. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo hakuna nyingine ya kuubeba ila m au n. Sasa ongeza -ni upate "nchini". Mkazo umehamia kwenye chi, n imeachwa bila kazi. Madarasani watagawa n-chi-ni bila kusita. Sikio langu, neno likighaniwa kwa kasi, husikia mapigo mawili. Mimi nayakubali yote mawili, mradi mtunzi asibadilishe ndani ya shairi moja.

Kuna wanaoandika "muti" badala ya "mti" wakidhani wamejiongezea mizani. Hawajaongeza kitu! M-ti ni 2, mu-ti ni 2. Mazida ni kurefusha neno kwa silabi, na hapa hakuna silabi iliyoongezeka.

Wanaotetea hesabu ya herufi wakumbuke tenzi zetu kongwe ziliandikwa kwa hati gani. Mshairi Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, hati iliyotumika pwani ilikuwa ya Kiarabu, na hati ile kwa desturi haikutenganisha e na i, wala o na u, na mb mara nyingi iliandikwa b tupu. Huwezi kupata mizani 8 za kila kipande kwa kutazama karatasi ya namna hiyo. Zilipatikana kwa kughani.

Kuhusu vina nitasema kwa ufupi: kina ni silabi nzima. "Shinda" na "vunda" vina vyake ni -nda. "Shida" haimo, hata kama a ni ileile. Na mizani 16 bila pumziko baada ya ya 8 hazitoshi. Neno likivuka katikati ya mshororo, anayeghani atalikata vipande viwili na msikilizaji atapoteza maana.

Maneno ya mkopo ndiyo magumu kweli. Daktari, sultani, labda, shukrani. Wengi hufundisha da-k-ta-ri, mizani 4, kwa hoja kwamba silabi ya Kiswahili haifungwi na konsonanti. Lakini hiyo k peke yake hutamkwaje? Ukighani kwa kasi, dak hutoka kwa pigo moja na neno linakuwa na mizani 3. Ukivuta, k hupata nafasi yake. Sioni kanuni moja inayomaliza ubishi huu. Ninaposahihisha, huuliza kwanza shairi litaghaniwa kwa mahadhi gani, kisha nagonga meza kwa kidole, pigo kwa silabi, mshororo mzima bila kusimama. Kidole kikigonga 8 kabla ya pumziko na 8 baada yake, naupitisha.