Kiunzi Kwanza: Kugeuza Makao Makuukuu ya Wazee Kuwa Makazi ya Kisasa

Wawekezaji wanaoniita nikague makao makuukuu ya wazee huanza kwa kuuliza habari za bustani na ukumbi wa mazoezi, ilhali mimi, nikiwa msanifu majengo, hutaka kwanza kujua ni kuta zipi zinazobeba mzigo na mabomba ya maji taka yanapita wapi. Nchini Marekani, sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946, iliyofadhili ujenzi wa hospitali, ilifanyiwa marekebisho mwaka 1954 ili fedha za serikali kuu zijenge pia makao ya uuguzi, na majengo hayo yakaiga hospitali: korido ndefu yenye vyumba pande zote mbili, meza ya wauguzi katikati, na bafu la kuchangia. Ramani hiyo ilimfaa mgonjwa wa siku chache, si mtu atakayeishi hapo kwa miaka.

Kwa kawaida vyumba viwili vya zamani huzaa nyumba moja ndogo, au vitatu huzaa mbili, iwapo kuta zinazovitenganisha ni za kugawa nafasi tu. Zikiwa zinabeba mzigo, kila mlango mpya unadai boriti yake. Bafu nalo ni mtihani, kwa sababu kiti cha magurudumu kinahitaji duara la kugeukia la takriban mita 1.5, na bomba la choo kipya lazima lipate mteremko chini ya sakafu ambayo mara nyingi imekaribiana mno na dari ya ghorofa ya chini. Asbesto, nyuzi za ujenzi wa zamani zinazodhuru mapafu, ikigunduliwa, bajeti huanza upya. Hata kazi ikienda vizuri, idadi ya vitanda hupungua, jambo ambalo mkopeshaji anapaswa kuelezwa mapema.

Ndiyo maana wakati mwingine napendekeza kubomoa. De Hogeweyk, kijiji cha watu wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huko Weesp, Uholanzi, kilichofunguliwa mwaka 2009, kilijengwa mahali pale pale palipokuwa na makao ya mtindo wa zamani, na leo wakazi wake huishi katika vikundi vidogo, kila kikundi na jiko lake.

Lakini wazee hawawezi kuwekwa stoo wakati wa ujenzi. Kwa mzee mwenye dimenshia, kuhamishwa mara mbili ni adhabu, kwa hiyo nikipata kiwanja cha kutosha, hata kama ni eneo la kuegesha magari, hujenga jengo jipya hapo kwanza, wakazi wakahamia moja kwa moja pamoja na wahudumu waliowazoea, ndipo la zamani libomolewe. Wahudumu hao watapika, watafua na kutunza katika nyumba ile ile, na kwa sababu hiyo ratiba ya zamu huijadili na uongozi siku ile ile ninapowasilisha michoro ya kwanza.