Kompyuta ya sebuleni haidai kadi ya grafiki

Ukiulizia mashine ya kuunganisha na runinga pale Moshi mjini, hukawii kuambiwa: bila kadi ya grafiki, yaani kifaa cha ziada cha kushughulikia picha, filamu zitakwamakwama. Si kweli. Kwenye prosesa nyingi, yaani ubongo wa kompyuta, video inafunguliwa na sehemu maalumu iliyomo humo ndani. Prosesa za Intel Core za kizazi cha saba, zilizofika kwenye kompyuta za mezani mwaka 2017, zinacheza video ya 4K (picha kali sana) iliyobanwa kwa mfumo wa HEVC bila kutoka jasho. Kwa hiyo kile kikompyuta cha ofisini kilichotumika, mfano Dell OptiPlex Micro yenye prosesa hiyo, kinatosha, tena hakipigi kelele.

Kwenye gemu, michezo mipya mizito kweli inataka kadi. Ila kwa gemu za mpira za miaka ya nyuma na gemu nyepesi, prosesa ya AMD, Ryzen 5 2400G ya 2018, inajitosheleza. Grafiki yake ya Vega imo humohumo. Wengi wanachokosea ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: grafiki ya ndani inaazima RAM ya mashine, hivyo vijiti viwili vya GB 8 vinaipa kasi kuliko kimoja cha GB 16. Muuzaji akikuwekea kimoja, mwambie abadilishe kabla hujalipa.