Mvua ya kwanza haitoshi kupanda tangawizi

Hapa Bukavu tangu zamani batu banasema mvua ya kwanza ikianguka tu kisha kiangazi kuisha, panda tangawizi siku ileile. Hapana, ndugu zangu. Ile mvua ya mwisho wa mwezi wa 8 mara mingi inalowesha juu tu, chimbula na jembe utaona chini udongo uko vumbi, na jua likirudi siku kadhaa mbegu inakauka na machipukizi yake yote, pesa imeenda. Ngoja mvua zifuatane mu mwezi wa 9, unyevu ushuke chini. Tangawizi inaomba miezi 8 mpaka 10, basi utavuna kiangazi kikikaribia, majani ikigeuka manjano. Na mifereji muchimbe, maji ikisimama tangawizi inaoza. Wa Lubumbashi musifuate kalenda yetu, kwenu mvua inashika mwezi wa 11.