Nondo mkunjajani ni mdudu gani?
Ukipita shambani kule Rungwe ukakuta jani changa limejiviringisha kama sigara ya kusokota, usikimbilie kulaumu baridi. Lifungue polepole. Mara nyingi ndani kuna utando wa nyuzi nyeupe, punje nyeusi za kinyesi, na kiwavi mwembamba wa kijani. Mguse kidogo: atajipinda kwa kasi akirudi kinyumenyume, kisha ajiangushe na kubaki ananing'inia kwenye uzi wake.

Huyo ndiye mkunjajani. Jina limetokana na kazi ya kiwavi, maana nondo mwenyewe hakunji kitu. Wengi wao ni wa familia ya Tortricidae, yenye spishi zaidi ya 10,000 duniani: nondo wadogo, rangi ya udongo au majani makavu, ambao wakitua mbawa zao huchukua umbo la kengele.

Jike hutaga mayai bapa, na kwa spishi nyingi mayai hayo hulaliana kama magamba ya samaki. Kiwavi akianguliwa hutafuta jani laini. Sasa, mdudu wa milimita chache anakunjaje jani zima? Si kwa misuli. Hutandika uzi kutoka ukingo huu hadi ule, tena na tena. Nyuzi zikinywea, jani linavutika taratibu mpaka linafunga. Hapo amepata nyumba, na kuta za nyumba ndizo chakula. Hujivua ngozi mara kadhaa, kisha kwa kawaida hugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo, humo humo. Siku ya kutoka, pupa hujisukuma nusu nje, ndiyo maana utakuta ganda tupu limechomoza kwenye kunjo. Huku nyanda za juu, baridi ya Juni na Julai huchelewesha yote haya.

Kunjo hilo ndilo linalomshinda mpiga dawa, kwani dawa inayoua kwa kumgusa mdudu huishia nje. Kwa miche michache, mimi nabana kunjo kwa vidole tu. Ila ukikuta vifukofuko vidogo vya hariri kando ya kiwavi aliyenyauka, viache. Huenda ni vya nyigu wadogo waliomla.

Tena si kila jani lililokunjwa ni lake. Buibui na vidukari nao hukunja. Na wapo ndugu zake wasiokunja kabisa: Thaumatotibia leucotreta, anayewaumiza vichwa wauza parachichi, ni wa familia hiyo hiyo, lakini kiwavi wake hutoboa tunda na kwenda kugeuka pupa udongoni.