Kuchambua printi: maana yake kwa anayesafisha picha chumba cha giza

Anayechambua mchele hasimami mbali na ungo. Anausogeza kwenye mwanga, anapitisha vidole, anatoa mawe na chuya, na chenga anaziacha kwa sababu bado ni chakula. Kuchambua printi ni kazi ya namna hiyo: kuzishika mkononi picha zote zilizotoka chumba cha giza, moja baada ya moja, zikiwa zimekauka, na kuamua ipi inabaki na ipi inachanwa. Sisemi kuchagua. Anayechagua huchukua zinazompendeza na kuliacha rundo lilivyo. Anayechambua hamalizi mpaka kila karatasi imepata jibu.

Rundo lenyewe linatoka wapi? Negativu moja, yaani picha ya kinyume iliyo kwenye filamu, haizai printi moja. Tuseme una picha ya mvuvi pale soko la samaki la Feri. Unaanza na kipande cha karatasi unachokimulika kwa hatua, sekunde 5, 10, 15, ili uone mwanga gani unafaa. Inakuja printi nzima ya kwanza, uso umepauka. Ya pili, shati jeupe limepata mikunjo yake lakini anga tupu. Ya tatu unakinga uso kwa kiganja na kuliongezea anga mwanga. Pengine ya tano ndiyo unaiinua kwenye fiksa, dawa ya kuimarisha picha, na kushusha pumzi. Na mkanda mmoja wa filamu una picha 36.

Usiamue usiku ule ule. Printi ikiwa majini huonekana angavu kuliko ilivyo, na ikikauka, hasa karatasi ya nyuzi, ile isiyo na ngozi ya plastiki, hujifunga na kuwa nyeusi zaidi. Mafundi wengi hupunguza mwanga kwa asilimia 5 hadi 10 kufidia hilo. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana watu tunaowapiga picha ni weusi. Shavu la mvuvi yule, likiwa limelowa, lilikuwa na jua la asubuhi, mkunjo chini ya jicho, chumvi iliyokaukia kwenye ndevu. Lilipokauka, shavu, kivuli cha kofia na ubao wa mashua nyuma yake vikawa weusi mmoja. Printi ya hivyo naichana hata kama mengine yote yamekaa sawa. Kwenye uso wa mtu sisamehi. Basi subiri siku mbili tatu, kaa karibu na dirisha mchana, ndipo uanze kuchambua.

Kuna pia zile ulizozitoa kwenye dawa mapema. Dawa ya kutoa picha hupimwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na maji yetu ya bomba yana joto zaidi ya hapo, kwa hiyo picha hutokea haraka nawe unaingiwa na hofu, unaitoa kabla weusi haujakolea. Matokeo ni picha ya kijivu yenye mawaa. Hizo hazihitaji mjadala.

Kipimo kingine hakionekani kwa jicho. Picha nyeusi na nyeupe ni chembe za madini ya fedha ndani ya jelatini, utando mwembamba juu ya karatasi. Fiksa huondoa fedha isiyopigwa na mwanga, kisha maji huondoa fiksa. Kimojawapo kikibaki, miaka ikipita printi hugeuka njano, halafu kahawia. Karatasi yenye ngozi ya plastiki huoshwa kwa dakika chache tu. Ile ya nyuzi, bila dawa ya kusaidia, hutaka kama saa nzima ya maji yanayobadilika, na Dar es Salaam kuna siku bomba halitoi hata tone. Ukiwa na shaka, weka tone la dawa ya seleniamu, sehemu 1 kwa 9 za maji, kwenye ukingo mweupe wa printi iliyolowa, subiri dakika 2 au 3, kisha suuza. Likibaki doa la njano, fiksa haikumaliza kazi. Irudishe kwenye fiksa mpya na uioshe tena kabla hujaihukumu.

Wengi huniuliza: kwa nini nisiweke zote? Kwa sababu hapa pwani, kuweka zote ndiyo njia ya kuzipoteza. Jelatini hunywa unyevu. Nilikuwa na boksi la viatu chini ya kitanda Magomeni, printi zaidi ya mia, nzuri na mbaya zimelaliana, nikijiona nina akiba. Masika ilipokwisha nikalifungua, nikakuta zimegandana uso kwa uso. Nilipozivuta, jelatini ilibanduka. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, nusu ya uso wake ilibaki imeng'ang'ania kipande cha majaribio. Kipande ambacho kilitakiwa kutupwa zamani.

Kinachobaki kwangu ni kichache. Karatasi za kontakti, zile zinazoonyesha mkanda mzima kwa picha ndogo ndogo, zote zinabaki, maana ndizo daftari. Kwa kila picha, printi bora mbili: moja ya kuonyesha, moja ya kulala kwenye bahasha isiyo na asidi. Nyuma yake naandika kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino: sekunde, tundu la lenzi, wapi nilikinga na wapi niliongeza. Maelezo hayo yakishaandikwa, vipande vya majaribio vimemaliza kazi yao.

Negativu hazimo katika hesabu hii. Brett Weston, mpiga picha wa Marekani, alizichoma nyingi za kwake mwaka 1991 alipotimiza miaka 80, kwa kuamini kwamba hakuna mwingine anayepaswa kuzisafisha. Zilikuwa mali yake, lakini mimi simshauri mtu. Printi iliyochanwa inaweza kusafishwa upya. Negativu ikiondoka imeondoka. Ndiyo maana pia printi ambayo negativu yake imepotea naiweka hata ikiwa na madoa.

Na ipo printi ambayo kwako haitoshi lakini ina mwenyewe. Ile ya nne ya mvuvi, anga limepauka kidogo, ila uso uko wazi na fiksa imeoshwa vizuri. Hiyo usiichane, mpelekee. Zile nyingine zenye sura za watu, zichane vipande vidogo kabla ya kuzitupa, sura ya mtu isionekane jalalani. Za plastiki usizichome moto.

Mimi yule mzee nilimfuata Feri asubuhi, nikamwamkia, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akaigeuza na kusoma penseli yangu.

"Sekunde 14. Ndizo nilizosimama, mwanangu?"

Nikamweleza kuwa ni muda ambao karatasi ilikaa kwenye mwanga. Akatikisa kichwa, akavua kofia, akaiweka picha humo ndani, akaivaa tena.